Filimbi ya saa kumi na nusu: Nilivyokulia nyumba ya mwanajeshi Kathiani

Kwetu likizo ya Desemba haikuanza na chapati. Ilianza na filimbi.

Saa kumi na nusu alfajiri, giza tii, unaisikia nje ya mlango. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya tatu ikikupata bado uko kitandani, blanketi linaondoka na maji yanaingia. Usidhani ni stori ya kutisha watoto. Ndugu yangu mdogo alimwagiwa mara mbili, na mara ya pili alikuwa na homa. Siku hiyo Mwaitu aligomba hadi jogoo wakanyamaza. Baba aliomba msamaha, lakini alimwomba Mwaitu, si mtoto.

Baada ya filimbi tunapanga foleni uani, mrefu mbele, mfupi nyuma. Dada yangu, mimi, ndugu mdogo. Baba anapita na tochi akikagua miguu. Sio viatu, miguu. Kucha zimekatwa? Soksi zina tobo? Kila mtu anapewa chupa ya nusu lita ya maji na amri kwamba haifunguliwi mpaka aseme. Halafu tunaanza kupanda Iveti.

Kama hujawahi kufika Kathiani, wacha nikuchoree. Mji wenyewe ni mdogo, soko, steji ya matatu, hospitali, makanisa ya kutosha. Lakini ukigeuka kuelekea Machakos unaona vilima vimekaa juu yako kama watu wazima wanaosikiliza mazungumzo yenu. Ndiyo Iveti. Chini ni mashamba ya mahindi, ndengu na kahawa kidogo, yote yamekatwa ngazi ngazi kwa matuta ya fanya juu. Jina lenyewe ni maelezo ya kazi: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua ikija inasimama badala ya kukimbia na shamba lako. Ukipanda zaidi unaingia kwenye mikaratusi, baridi inakushika masikio, na njia inakuwa ya ng'ombe na ya akina mama wanaotafuta kuni.

Nusu saa ya kwanza hakuna kuongea. Hiyo ilikuwa sheria ya Baba. Alisema mtu akiongea mapema anapumua vibaya na pia hasikii. Sheria ya pili ilikuwa kugeuka nyuma. Kila mahali njia inapogawanyika, simama, geuka, tazama ulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ile uliyopanda nayo. Mti uliouona ukiwa kushoto sasa uko kulia na umevaa sura nyingine. Nimepotea Nairobi mara nyingi, hata mle Eastleigh, lakini mlimani sijawahi kupotea, na ni kwa hiyo tu.

Juu kabisa anafungua begi. Anatoa mkebe wa bati wa jeshini, majani ya chai, sukari ndani ya karatasi. Anawasha moto kwa vijiti vitatu na magome ya mkaratusi, na hapo ndipo tunaruhusiwa kunywa maji na kuwa watoto tena. Jua linatoka upande wa Yatta. Kaskazini unaona Kilimambogo umelala kama chungu kilichopinduliwa, na asubuhi ikiwa safi, mbali zaidi, Mlima Kenya unajionyesha kwa dakika chache kabla mawingu hayajaufunika. Baba ananyoosha kidole na kutuuliza: kutoka hapa mpaka pale ni kilomita ngapi? Kila mtu anabahatisha. Hakutuambia jibu hata siku moja. Nilikuja kushuku kwamba naye alikuwa anabahatisha.

Halafu tunashuka, saa tatu tuko nyumbani, na chapati zinaanza.

Nawaeleza haya yote kwa sababu watu wakisikia "mtoto wa mjeshi" wanawaza kambi, nyumba za serikali, bei nafuu za duka la Defco, gari la kupeleka watoto shule. Kuna wanaoishi hivyo. Sisi tulikuwa wale wengine. Baba alihamishwa kila baada ya miaka kadhaa, Lanet, Gilgil, Mariakani, na Mwaitu akaamua mapema kwamba yeye hatafunga virago kila mara kama mtu wa sarakasi. Alikaa Kathiani na shamba na kiduka. Mshahara ulikuja kwa benki, baadaye kwa M-Pesa, na Baba mwenyewe alikuja mara moja kwa mwaka, mara nyingine mara mbili. Piga hesabu. Mpaka namaliza shule ya msingi nilikuwa nimeishi na babangu labda mwaka mmoja na nusu, ukiunganisha vipande vyote.

Kamanda halisi wa nyumba alikuwa Mwaitu. Baba akija alikuwa mgeni mwenye cheo. Hakujua karo inalipwa wapi, wala kwamba dada yangu hali maziwa. Aliwahi kuniuliza niko darasa la ngapi, nikamjibu, na kesho yake akauliza tena. Kitu alichojua kufanya na watoto ni kuwatembeza mlimani. Mimi nikiwa mdogo niliona ni mateso. Wenzangu baba zao walikuwa wanawanunulia soda sokoni.

Na mtaani pia una jina lako. Ukikosa kitu unaambiwa, "Si babako ni mwanajeshi?" Harambee ikiitishwa, nyumba yenu inatarajiwa kutoa kama ya mbunge. Ukipigwa shuleni huruhusiwi kulia. Ukipiga mtu, ni kwa sababu babako alikufunza kuua. Hakuna siku unashinda.

Lakini pia si jambo geni Ukambani. Sisi na jeshi tumetoka mbali. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wazee wetu walibebeshwa mizigo hadi Tanganyika, ndiyo hao wa Kariakoo, na Nairobi mtaa wa Kariokor umebaki na jina lao. Mmoja wao, Mutisya wa Munge wa Wamunyu, alirudi na ufundi wa kuchonga vinyago aliouona huko, na leo Wamunyu inakula kwa patasi. Vita vya pili, babake babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR. Walipelekwa Burma. Mwaka wa 1944 kikosi cha Afrika Mashariki kiliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, matope hadi magotini, malaria ikiwaangusha watu kama risasi. Susu anasema mzee huyo hakusimulia vita hata siku moja, ila mvua ikinyesha usiku aliamka akavaa viatu.

Na kutembea tulianza kabla ya jeshi. Mwaka wa 1938 mkoloni alipoanza kuwapokonya watu wa huku ng'ombe wao akidai wamezidi, watu waliteremka kutoka vilima hivi vya Iveti na Ngelani, wakaenda hadi Nairobi wakiwa na Muindi Mbingu mbele, wakakaa huko wiki kadhaa wakimtaka Gavana. Ukipita Muindi Mbingu Street ukitafuta simu ya bei nafuu, ujue ni yeye. Baba alituambia hiyo stori tukiwa juu mlimani, na ndiyo mara pekee nakumbuka akitumia sentensi zaidi ya tano mfululizo.

Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia, Operesheni Linda Nchi. Nilikuwa darasa la sita. Baba hakusema anaenda. Alipiga simu Jumapili, akaongea na Mwaitu kidogo, akasema mtandao utakuwa mbaya. Mwaitu akaweka simu juu ya meza akaendelea kuchambua ndengu. Dada yangu ndiye aliyesoma uso wake akajua.

Alirudi baada ya muda mrefu, mzima, mwembamba, mweusi zaidi. Filimbi ikahamia saa kumi kamili. Mlimani akaanza kutembea nyuma yetu badala ya mbele, na tulipokaa kunywa chai hakukaa akiipa njia mgongo. Siku moja mtu wa bodaboda alipita chini pikipiki ikapiga mlipuko, ile ya ekzosi. Baba alikuwa amelala chini kabla chai haijamwagika. Akainuka, akajipangusa, akatuuliza kilomita ngapi hadi Kilimambogo.

Halafu ikaja Januari 2016. Yeye alikuwa amerudi tena Somalia. Wapi hasa, hatukujua, familia haiambiwi. Tarehe 15, siku ya Ijumaa, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu El Adde, eneo la Gedo, alfajiri. Sisi tulisikia kwa redio. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nikitokea nyumbani, na niliporudi jioni nilimkuta Mwaitu amekaa nje na simu mapajani. Alipiga. Mteja hapatikani. Alipiga tena. Usiku mzima ule mwanamke wa kwenye simu alituambia kwa upole kwamba mteja hapatikani.

Kila mtu alikuwa na idadi yake. Redioni hivi, mitandaoni vile, kanisani vingine kabisa. Mpaka leo serikali haijawahi kutoa hesabu kamili ya waliouawa siku ile. Jumamosi picha mbaya zilianza kuzunguka kwenye simu za watu, na kijana mmoja wa shuleni akaninyooshea yake akisema, "Cheki, huyu si budako?" Hakuwa. Lakini nilitazama. Nilivuta picha kwa vidole viwili ili nione vizuri uso wa marehemu wa watu wengine, na nilipoona si yeye nilifurahi. Hilo jambo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika.

Mwaitu hakulia. Jumamosi usiku kulikuwa na mwezi kidogo, nikasikia jembe. Alikuwa shambani anachimba mtaro. Udongo unaenda juu, jembe linashuka, udongo unaenda juu. Susu akaniambia nisimguse.

Jumapili saa kumi na nusu, filimbi ililia.

Nilitoka kitandani nikidhani Baba amefika. Alikuwa dada yangu, amesimama uani na ile filimbi ya akiba iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari jikoni. Hakusema kitu. Tukapanga foleni. Ndugu mdogo alikuwa na tobo kwenye soksi, dada akamrudisha ndani akabadilishe. Halafu Mwaitu akatoka, amejifunga leso mbili, miguuni akala, akasimama nyuma kabisa ya foleni ingawa ni mrefu kuliko mimi. Alikuwa hajawahi kupanda nasi. Siku zote alisema yeye mlima anaupanda kila siku akitafuta kuni, hahitaji filimbi.

Tulipanda bila kuongea, sio nusu saa tu, njia yote. Juu dada aliwasha moto. Chai ilikuwa mbaya. Mwaitu akatazama Kilimambogo akauliza hapo ni kilomita ngapi, na ndugu yangu akamwambia hata Baba hajui. Akacheka. Alicheka sana hadi akakaa chini.

Ningependa kuwaambia simu iliita hapo hapo mlimani. Haikuita. Iliita Jumatatu jioni, Mwaitu akiwa chooni, na aliyeshika ni ndugu mdogo, ambaye baada ya kusikia sauti ya Baba aliuliza, "Utatuletea viatu?" Simu ikakatika. Tulikaa hadi Alhamisi kabla ya kuongea naye vizuri, lakini tayari tulikuwa tunajua.

Sasa nifike pale ambapo mimi naharibu.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza fomu four, nafasi za kujiunga na KDF zilitangazwa. Baba alikuwa likizo. Masharti aliyajua kwa moyo: umri 18 hadi 26, gredi D+ kwenda juu, urefu futi 5 na inchi 3, uzito kilo 54.55 kwa wanaume. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa uzito. Kwa miezi miwili nilikula ndizi na uji kama mtu aliyelaaniwa, na Baba akinipeleka kila Jumamosi kwa kinu cha posho, ananisimamisha kwenye mizani ya magunia mbele ya wamama wenye mahindi yao. Wiki ya mwisho ilisoma kilo 56. Alinigonga begani. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Siku ya usajili nilifika uwanjani kabla ya jua. Vijana mia kadhaa, kifua wazi, vyeti ndani ya bahasha. Tulikimbia, nikamaliza na wale wa mbele. Kisha tukapanga foleni ya kukaguliwa, macho, meno, miguu. Nilikuwa wa nane au wa tisa. Na nikiwa hapo nikasikia lile jembe. Sina namna nyingine ya kueleza. Nikawaza ni nani atakuwa anachimba usiku kwa ajili yangu. Nikatoka kwenye foleni, nikachukua bahasha yangu, nikaenda steji.

Nyumbani nilimwambia Baba mizani yao ilisoma 53.

Alinitazama. Akasema, "Sawa." Basi. Mwezi uliofuata akatoa akiba yake akanilipia diploma ya biashara chuo kimoja Nairobi, na mwaka wa pili nikaacha hiyo pia. Sababu ni nyingi na hakuna hata moja inayopendeza. Kwa kifupi darasani nilikuwa naandika blogu kuhusu matatu. Nilipompigia kumwambia, alisema tena, "Sawa." Miaka ikapita na kati yetu kukawa na "sawa" mbili tu. Alistaafu, akarudi Kathiani, akafuga kuku, akarekebisha mitaro ya Mwaitu ambayo ilikuwa haina shida yoyote. Filimbi ikarudi kwenye msumari. Nikija nyumbani tulizungumzia kuku.

Mwaka jana kikundi kimoja cha haiki cha Nairobi kiliniita niwasindikize Iveti, niandike na nipige picha. Unawajua wasee wa haiki. Luku safi, viatu vya rangi ya machungwa, fimbo mbili za chuma, kila mtu amelipa elfu mbili na mia tano kupanda mlima ambao mimi nilipanda bure kwa kutishiwa maji. Sidharau, mtu aliyefungiwa ofisini Westlands wiki nzima akitaka kulipia baridi, mwache. Lakini kiongozi wao hakuwa anajua njia, alikuwa na ramani ya simu, na usiku kabla ya safari nikaona nimpigie Baba nimuulize kama ile njia ya nyuma ya shamba bado inapitika.

Akauliza, "Mko wangapi?"

Kumi na wanne.

"Maji lita ngapi kwa mtu?"

Nikasema sijui.

Kimya. Kisha akakata simu.

Tulipofika steji ya Kathiani alfajiri, alikuwa amesimama pale. Buti nyeusi zilizong'arishwa, koti la zamani, begi lile lile, filimbi shingoni. Hakunisalimia kwanza. Alipita mbele ya watu wangu wa Nairobi na tochi, akawaambia wavue viatu. Na wakavua! Mameneja wa benki, msee wa IT, dada mmoja wakili, wote wamekaa kwenye ukingo wa duka wakikaguliwa kucha. Yule dada alikuwa na viatu vipya siku hiyo ya kwanza. Baba akatikisa kichwa, akatoa kwenye begi soksi nyembamba na kipande cha sabuni kavu, akampaka kisiginoni na kwenye vidole, soksi nyembamba ndani, nene juu. "Soksi isuguane na soksi," akasema, "isisuguane na wewe." Alikuwa mmoja wa wachache walioshuka bila malengelenge.

Nusu saa ya kwanza hakuna kuongea. Nilitazama watu waliokuja kupiga stori wakitii kama kuruta. Kwenye kila njia panda aligeuka nyuma, nao wakageuka.

Juu alichemsha chai ndani ya mkebe, haikutosha watu kumi na wanne, wakapitishiana kama ushirika. Mimi nilikaa pembeni nikijifanya napanga picha. Akaja akakaa karibu nami. Niligundua amekaa mgongo ukiwa kwenye njia.

"Mizani ya kinu," akasema kwa Kikamba, akitazama Kilimambogo, "haikuwa na kasoro. Niliipima na gunia la kilo tisini."

Nikamwambia, "Najua."

"Uliogopa?"

Nikamwambia kuhusu Januari, kuhusu jembe. Alikuwa hajui. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba Mwaitu alichimba usiku, wala kwamba tulipanda mlima bila yeye na Mwaitu akiwa nyuma ya foleni. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza ule mtaro aliochimba ni upi, nikamwonyesha kutoka juu, ule wa tatu kutoka kwa mwembe. Akautazama kwa muda mrefu.

Akasema watu wawili aliofunzwa nao kwata Eldoret walikuwa El Adde. Akataja majina yao, nami sitayaandika hapa. Halafu wingu likaanza kushuka upande wa Mua, akasimama, akapuliza filimbi, akaanza kuhesabu watu.

Siku hizi anapanda na vikundi karibu kila mwezi. Hataki kulipwa, ila Mwaitu anataka, kwa hiyo pesa zinalipwa kwake. Ukitaka kwenda, panda matatu kutoka Machakos hadi Kathiani, lala huko ukiweza, na ujue sehemu ya juu ni msitu wa serikali, uliza ruhusa kwa watu wa misitu. Beba lita mbili za maji, sweta, soksi pea mbili. Viatu vipya viache nyumbani. Kucha kata leo.